Masizi ya Jumatatu

Jumamosi, mwezi wa tatu, 1998

Hata sasa sielewi. Mwanangu Neema ameingiza kazi zangu za zahanati kwenye kompyuta. Friji la mafuta ya taa, lile la chanjo, imepanga nisafishe utambi wake kila Jumatatu.

Leo likatoa moshi. Nikamwuliza, "Nisubiri Jumatatu?"

"Mama nawe, safisha tu. Kompyuta inakumbusha, haikatazi."

Nikasafisha, chanjo za watoto zisije zikaharibika. Lakini Jumatatu kompyuta ikiita na utambi uko safi, si wakubwa wa zahanati wataona sina kazi, waniondoe? Na nilivyolizoea friji lile...

Neema alipotoka nikarudishia masizi kidogo pembeni mwa utambi, Jumatatu nikute cha kufuta. Mungu anisamehe kama nimekosea.