Sauti ya Nzioki Ilitoka kwa Nani

Gatongora, Ruiru

Mwaitu mpendwa,

Habari za Matuu? Sisi tuko salama, na mjukuu wako Janice ameanza kutembea.

Jumapili mashabiki wa mwanao Nzioki walikuja kwangu kuzungumzia kitabu kipya cha maisha yake. Kimeandikwa kwa Kijerumani, lugha ya huko anakoishi, kwa hivyo Becky, anayesomea lugha hiyo Thika, alitutafsiria.

Macharia, mmoja wao, akauliza, "Hiyo sauti ya muziki wa roki alifundishwa na Mzungu gani?"

Becky akasoma maneno ya Nzioki mwenyewe: "Nilifundishwa na mama. Akiimba kwaya, madirisha ya kanisa yalitetemeka."

Nikawaambia, "Mama huyo ndiye aliyenizaa na mimi." Wote wakasimama wakakupigia makofi, Mwaitu. Nililia kwa kujivunia.

Najua ulimfukuza Nzioki ukisema anaimba nyimbo za shetani. Hilo hakulitaja. Becky amemaliza kitabu chote, na hakuna neno baya juu yako.

Desemba Nzioki anakuja kuimba Nairobi. Anaogopa kukupigia simu. Nambari yake nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Mpigie wewe, umwambie aje nyumbani.

Ni mimi binti yako, ninayewaonea fahari nyote wawili,
Ndunge