Namba Niliyoimeza

Alhamisi. Mvua ya asubuhi imekatika lakini matope yamebaki, na mimi nimebaki ndani.

Naandika kabla ya magharibi, mwanga wa dirishani ungali unatosha. Siumwi. Nimekula, nimesali adhuhuri na alasiri kwa wakati wake. Ila tangu mchana sijaweza kumtazama mtu usoni, hata mke wangu. Mtu wa umri wangu akifika hapo, afadhali aandike sababu yake mapema, kabla hajaanza kuitafutia visingizio.

Leo nimemsaliti mtu aliyeniamini, na nimefanya hivyo kwa Kiswahili safi.

Nieleze kwa utaratibu. Sisi ni Waislamu wa hapa hapa Wandegeya. Babu yangu alikuja na msafara wa biashara kutoka pwani, akaoa huku, akazikwa huku. Kiswahili kwetu ni lugha ya nyumbani, ya jikoni na ya ugomvi. Kwa jirani zetu Waganda si hivyo. Kwao ni lugha ya askari, ya mtu anayekusimamisha njiani na bunduki begani. Wengi hawakujifunza, na wengine walikataa kwa makusudi, kwa kulinda heshima yao. Tangu wanajeshi washike nchi, kukataa huko kumewatesa. Mtu wako akichukuliwa, utamwuliza nani, na kwa lugha gani? Tajiri hutafuta wakubwa anaowajua. Muuza nyanya hutafuta mkalimani.

Mkalimani ndiye mimi. Nilisomesha shule miaka mingi, na jioni nilikuwa nikiwafundisha kusoma na kuandika vijana wa kambini, wengi wao wa kutoka kaskazini, waliofika mjini hawajawahi kushika kalamu. Baadhi yao sasa wana vyeo. Wananiita Mwalimu, wananipa kiti. Basi watu huja kwangu, nami huwasindikiza hadi katika ofisi moja ambayo sitaitaja hata humu. Kila niliporudi nilijiambia kwamba nimewasaidia wanyonge kwa kile kidogo nilichojaliwa.

Ndivyo nilivyojiambia mpaka jana.

Leo nilikwenda na Nalongo. Hilo si jina lake la kuzaliwa. Waganda humwita hivyo mama aliyezaa mapacha, na baba yao humwita Salongo. Nalongo anauza nyanya na vitunguu sokoni, na nyumba yao iko nyuma ya yetu. Mumewe hupanga herufi katika duka dogo la uchapaji, karibu na chuo kikuu. Jumatatu mchana alimpelekea chakula, akawakuta wanaume watatu wenye miwani nyeusi wanamtia katika buti ya gari. Wanafunzi walikuwa wamechapisha karatasi fulani pale. Salongo alizipanga tu, kama anavyopanga kadi za harusi.

Nalongo hakupiga kelele. Alisimama na bakuli lake, akaisoma namba ya gari, akairudia moyoni njia nzima hadi nyumbani.

Asubuhi tukiwa njiani alinieleza alichokusudia. Nimewasindikiza wengi, lakini sijapata kusikia hoja iliyonyooka kama ile. Alisema ofisi ile huwajibu watu wote jambo moja, kwamba mtu wao hajulikani. Wakishamkana wanaweza kumfanya lolote, kwa sababu hayupo. Lakini wakijua kwamba kuna aliyeliona gari, na namba yake anayo, na ameitamka mbele ya mzee wanayemheshimu, huenda wakasita. Huenda wakampeleka gereza la Luzira, ambako angalau majina huandikwa.

"Sitaki miujiza," alisema. "Nataka aandikwe mahali. Mwalimu, mengine yote ukisahau sitakulaumu. Namba usiisahau."

Nikamwahidi.

Tulipoingia uani, gari lenyewe lilikuwa pale, karibu na bomba la maji, askari mmoja analiosha. Nalongo alinigusa mkono wa kanzu. Nami nikaisoma namba kwa macho yangu. Ilikuwa ile ile.

Sajini aliyekuwa mezani nilimfundisha mimi. Alikuwa mwanafunzi mwenye bidii, mwandiko wake mkubwa wa kulala upande wa kushoto. Aliponiona akasimama.

"Mwalimu yangu. Leta kiti kwa Mwalimu. Huyu mama nalia nini?"

Nalongo hakuwa analia. Alikuwa amesimama wima, mikono mbele, na akaanza kusema kwa Kiganda, polepole, kama mtu anayempimia mteja mwenye haraka. Alisema siku, alisema saa, alisema wanaume watatu. Alisema namba ya gari, mara mbili. Akaonyesha dirishani kwa kidevu. Akamaliza, akanitazama mdomoni.

Nyuma ya sajini walisimama wawili. Mmoja alikuwa na miwani ya jua, ndani ya nyumba, siku ya mvua.

Nikafikiri: yeye amesema kwa lugha wasiyoijua. Atakayeitamka namba hii wakaisikia ni mimi.

Nikasema, "Mama huyu anasema mumewe hajarudi nyumbani tangu Jumatatu. Anaomba, kama afande ana habari zozote, amsaidie."

Basi. Hayo tu. Sentensi mbili, zisizo na kosa la sarufi.

Sajini akatikisa kichwa kwa huruma. "Wanaume ya Kampala napenda sana kupotea. Huyo pengine iko Kansanga, nakunywa pombe na mwanamke ingine."

Wale wawili wakacheka. Na mimi nikacheka. Hakikuwa kicheko cha haja. Kilikuwa kile cha mgeni anayetaka kumridhisha mwenyeji wake. Lakini meno yangu yalionekana.

"Mwambie mtu yake hapa haiko, sisi hapana jua yeye. Akwende nyumbani, apike."

Hayo nilimfasiria yote, neno kwa neno. Upande ule sikupunguza kitu.

Nilipoinuka, sajini akafungua kabati, akatoa mfuko wa sukari. "Ya chai, Mwalimu. Najua dukani hakuna." Ni kweli hakuna. Tangu maduka yanyang'anywe wenyewe na kupewa wengine, sukari na sabuni twazipata kwa kubahatisha. Nikaupokea kwa mikono miwili, kama nilivyolelewa.

Nalongo alikuwa ananitazama.

Tulitembea mpaka tukakaribia kituo cha polisi cha Wandegeya, penye msongamano wa watu. Akasimama. Siku zote huzungumza nami Kiganda. Pale alizungumza Kiswahili, kile cha sokoni.

"Mwalimu, mimi nauza nyanya kwa askali. Namba ya Kiswahili mimi najua yote, moja mpaka mia. Wewe hapana sema namba."

Nikamwambia nilikuwa natafuta wakati mzuri. Nikamwambia watu hawa wanahitaji kuingiliwa kwa taratibu. Mtu aliyesoma hakosi maneno, na hilo ndilo balaa lake. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, kama anavyowasikiliza wateja wanaosema nyanya zake ni mbovu, kisha akaenda zake.

Nyumbani Bi Zainabu, mke wangu, aliuona mfuko, akauliza nimeupata wapi. Nikasema kwa rafiki. Akapika chai. Tulikuwa hatujanywa chai ya sukari tangu mwezi uliopita, na nakiri kwamba ilikuwa tamu, nami nilikunywa vikombe viwili.

Mchana huu nimewakumbuka wote niliowahi kuwasindikiza. Mama mmoja alisema mbele ya afande, "Mmeniulia mwanangu." Mimi nikafasiri, "Ana wasiwasi juu ya mwanawe." Mwingine aliwaambia wamrudishie mtu wake au wamwonyeshe kaburi, mimi nikasema anaomba kumwona. Niliita hiyo adabu. Sisi watu wenye asili ya pwani tumefundishwa kuwa neno kali hupitishwa kwanza katika chujio, likatoka laini, na anayeweza kufanya hivyo husifiwa na baraza zima kwamba ni mtu wa watu. Ni desturi nzuri kwenye posa na kwenye ugomvi wa mume na mke. Sikuwahi kujiuliza inafanya kazi gani mbele ya meza ile. Leo nimeelewa kwa nini mimi hupewa kiti. Huwapelekea malalamiko yaliyokwisha kuchujwa. Wananiheshimu kwa sababu ninawapunguzia kelele.

Dhuluma haihitaji wakatili tu. Inahitaji pia mzee mpole wa kuketi katikati.

Baada ya alasiri Nalongo alikuja barazani. Nilidhani amekuja kunitukana, na ningemshukuru. Alisema anataka nimfundishe sentensi tano, kesho atarudi kule peke yake. Bi Zainabu, asiyejua lolote, akamletea kikombe cha chai. Nalongo alikitazama, akakitazama na kile changu kilichokuwa kitupu, akaomba maji.

Nikaanza kumfundisha. Jumatatu saa saba mchana. Wanaume watatu. Gari lile. Namba yake ni hii. Naomba mume wangu aandikwe.

Akawa anasema, "Gari hii nachukua bwana yangu." Nikamsahihisha. Akarudia vile vile. Nikamsahihisha tena, nikaanza kumweleza, kwa maana ndivyo nilivyo, mikono yangu tayari inaandika hewani.

"Mwalimu," akasema kwa Kiganda, "nikisema hivi hivi vibaya, watasikia?"

"Watasikia."

"Basi iache."

Nikaiacha. Tukarudia zote tano mpaka zikamtoka bila kukwama. Namba hakuhitaji kufundishwa. Aliitamka kwa sauti ileile anayotajia bei ya fungu la vitunguu, na kila alipoitamka nilijikuta nikitupa macho barabarani kuona nani anapita. Yeye hakutazama barabarani hata mara moja. Ana mapacha wa miaka minne ndani ya nyumba yake.

Alipoondoka ilinibidi nimwambie Bi Zainabu kila kitu, pamoja na sukari. Nilitarajia atanilaumu. Akasema, "Ningekuwepo ningekushika kanzu usiseme." Akaenda kuosha vikombe. Amesema hivyo kwa sababu ananipenda, na ni miongoni mwa maneno mazito niliyoyasikia leo, kwa kuwa nusu ya nchi hii inashikwa kanzu na nusu nyingine ndiyo inayoshika, na Salongo yuko peke yake mahali fulani, siku ya nne sasa.

Sijui kama namba ingemsaidia. Nakiri hilo. Huenda ningeitamka, tukabaki kule wote wawili, na wale watoto wakabaki bila baba wala mama. Nimelipima jambo hili mchana kutwa, na kila ninapolipima napata faraja kidogo, na kila ninapopata faraja najua kwamba nimedanganya mahali. Kwa sababu pale mezani sikupima chochote. Sikuwafikiria watoto wake. Nilijifikiria mimi, mzee niliyekwisha kula chumvi nyingi, ambaye wanangu wote wamekua na wajukuu hawanitegemei kwa unga. Aliyekuwa na kidogo cha kupoteza alinyamaza. Aliyekuwa na kila kitu cha kupoteza alisema mara mbili.

Jambo moja zaidi, kisha nifunge daftari, adhana iko karibu.

Nalongo hakuniomba niende naye kesho. Alishukuru kwa masomo, akapiga goti kidogo kama wanawake wa Kiganda wanavyofanya kwa wakubwa, akaondoka. Na mimi, nikimwona anakata kona bila kuniomba, nilihisi nafuu. Hakuna kitu kilichonitia aibu leo kuliko nafuu ile, hata kicheko, hata sukari.

Ofisi hufunguliwa saa mbili. Yeye atapita hapa mlangoni saa moja, hakuna njia nyingine ya kutokea kwake. Ana sentensi tano zilizovunjika na namba moja iliyo kamili. Mimi nina kiti kule, ninajulikana kule, na wanajua sina desturi ya kupaza sauti.

Kesho nikisikia hatua zake, nitakuwa nimesimama barazani nimevaa viatu, au nitakuwa nyuma ya pazia, nikingoja apite?