Waliobonyeza na Waliofika

Lusajo, mdogo wangu,

Ndaga, kwa salamu ya kwetu. Najua ungenitania kwamba dada yako hata kaburini anakuja na hoja. Leo sina. Nina mwanao Atupele, yuko chumba cha pili na begi ambalo hajalifunga, anasubiri niseme neno moja.

Benki imemwita kazini Mbeya. Benki ile ile uliyoiacha wewe. Basi linaondoka kesho asubuhi. Mama yake amemwambia, "Muulize shangazi yako, mambo ya benki anayajua yeye." Amesema bila ubaya wowote, na ndiyo maana neno lake limenichoma.

Unanijua. Tangu milango ya biashara ifunguliwe na benki zianze kugombea kona za mji, nimeandika gazetini kwamba vijana wetu wenye akili kuliko wote tunawapeleka wakalinde fedha za watu wengine. Wanaobaki tunawaita washauri, wanashuka Kyela na kompyuta kumweleza mkulima wa mpunga kwamba mvua ni muhimu. Nilicheka mwenyewe nilipoiandika hiyo. Wasomaji walicheka. Wewe ulikuwa unaisoma ukiwa umevaa tai.

Halafu ile Pasaka hapa Ngonga. Wajomba wamekaa, ndizi ziko mezani, nami nakuuliza mbele yao: "Lusajo, ukifa leo, umeacha kitu gani ulichokitengeneza wewe?" Nilitaka tu kushinda mazungumzo. Ulitazama sahani yako. Kabla mwaka haujaisha ukawa umeacha kazi.

Ukatengeneza Nipo, programu yako ya simu. Mtu anabonyeza simu, marafiki zake wanaona alipo, basi. Ulitaka mwenye kokoa Njisi ajue mnunuzi yuko wapi, na mtu aliyeshuka stendi ajue nani wa kwao yuko mjini. Na kwa kuwa simu huku zilikuwa zinashindwa kujua mahali zilipo, uliwaachia watu wachague mahali wenyewe. Nilikuuliza, "Na wakidanganya?" Ukashangaa kweli kweli. "Dada, nani atadanganya alipo? Atapata faida gani?"

Hukukumbuka misiba, Lusajo. Wewe uliyezaliwa hapa! Kwetu mtu husamehewa mengi, lakini si kutoonekana msibani. Watu waligundua kwamba wanaweza kuonekana bila kutoka kitandani. Hata mimi. Nilibonyeza nipo Njisi, kwenye msiba wa mama mkwe wa jirani yetu, huku nakunywa chai sokoni Kyela. Ukanipigia. "Dada, umefika Njisi, au ni kalamu yako ndiyo imefika?" Tulicheka mpaka muuza chai akaja kutazama.

Nilikuandika gazetini kama ushahidi wangu. Kijana aliyeitupa tai. Sikuandika kwamba kadi ya matibabu ilibaki benki pamoja na hiyo tai. Sikuandika kuhusu presha yako. Nilikuona unameza kidonge leo, kesho unaruka, ili kopo lifike mbali. Niliona. Nikasema moyoni, huyu ni mtu mzima. Hapana. Nilinyamaza kwa sababu ningefungua mdomo ningelazimika kukwambia urudi benki, na ningekwambiaje urudi? Presha ikakuchukua.

Sasa nikueleze mazishi yako, maana hakuna mwingine atakayekueleza vizuri.

Mvua ilinyesha usiku kucha. Asubuhi majirani walichimba hapo kando ya migomba, karibu na baba, na unajua ardhi yetu: maji yakapanda ndani ya kaburi. Wazee walikuwa wamechoka. Mfukoni mwangu simu inalia, majina yanapanda, nipo Ngonga, nipo Ngonga. Wasomaji wangu. Vijana walionipigia makofi. Kwa mujibu wa simu kulikuwa na umati. Nikainua macho nikaona mabenchi matupu chini ya turubai.

Ndipo gari dogo likaingia kutoka Mbeya. Benki. Walishuka na mashati yao meupe, na yule bosi wa mikopo uliyekuwa unamwita Mzee Kokotoa. Nilikuwa na hotuba mkononi, kali, nimewataja humo. Akanijia akiwa ameshavua viatu. "Dada, pole sana. Sisi hotuba hatuwezi. Tupeni ndoo."

Waliyachota maji ya kaburi lako, Lusajo. Wakachimba upya, suruali zimekunjwa, mmoja anateleza na wenzake wanamtania kwamba hata tope linamdai. Watu hao nilikwambia hawana mikono. Hotuba niliirudisha kwenye mkoba.

Usifikiri nimebadilika. Ndoo zile hazifuti riba wanayomtoza mwenye kokoa, na bado naamini nchi inayowaota watoto wake wote nyuma ya dirisha la benki imechoka kufikiri. Nitaliandika tena. Lakini wewe nilikutumia kama mfano, na mfano haumezi vidonge wala hauna mtoto. Wewe ulikuwa mdogo wangu.

Kwa hiyo nimekaa hapa tangu jioni kama mwoga. Nikimwambia Atupele aende, nakiri kwamba nilikutoa benki bure. Nikimwambia abaki, naulinda ushindi wangu kwa maisha ya mtu wa pili. Yeye anataka kwenda. Nimemwona anavyoinyoosha blauzi yake ya kazi. Anachosubiri kwangu ni ruhusa ya kutoona aibu.

Nitampa. Nikimaliza kukuandikia nitaingia nimsaidie kufunga begi. Nitamwambia aitunze kadi ya matibabu, na siku akitaka kuondoka aondoke kwa sababu zake. Na lile swali la Pasaka sitamuuliza, wala sitamuuliza mtu mwingine wa damu yetu. Hiyo ndiyo ahadi yangu kwako.

Jina lako bado lipo kwenye simu: Lusajo, nipo Ngonga, nyumbani. Mke wako anataka tuliondoe. Nimemwomba aliache. Kati yetu wote, ni wewe tu ambaye upo ulipobonyeza.

Lala, mdogo wangu. Kesho nitamsindikiza binti yako mpaka Kyela, nimbebee begi hadi mlangoni mwa basi. Nitafika kwanza. Ndipo nitabonyeza.

Dada yako