Mama, sanduku lako linaitwa trunk

Mama,

Jana tulimaliza kilio chako. Dada zako walikuja kutoka Bel-Air kufungua sanduku na kugawana vitenge vyako, nami nikakaa juu ya kifuniko kama kuku anayeatamia. Vitenge wachukue, lakini sanduku lenyewe nililitaka mimi. Ngoja, kwanza nikupe habari ya lile neno, maana sina mwingine wa kumwambia.

Unakumbuka uliporudi kutoka kuuza vitenge mpakani Sakania, ukaniambia Mzambia mmoja ameliita sanduku lako "trunk"? Tukafungua kamusi yangu: sanduku, shina la mti, kiwiliwili cha mtu, hata mkonga wa tembo! Ukapiga makofi. "Bale bantu beko bavivu ao banakosa maneno?" Tangu siku hiyo hukunipa raha: tembo na sanduku wana udugu gani?

Basi nimemuuliza mwalimu wangu wa Kiingereza. Anasema neno lilianza na mti uliokatwa matawi. Likaenda kwa mwili usiohesabiwa kichwa wala mikono, likaenda kwa sanduku, labda kwa sababu zamani lilichongwa kwenye gogo. Na tembo? Wengine wanadhani watu walichanganya tu na "trump", yaani tarumbeta! Ungecheka mpaka kilemba kianguke. Mimi nilicheka peke yangu, halafu nikalia, kwa sababu jibu limefika na mwenye swali hayupo.

Turudi kwenye sanduku. Mama Mukubwa, dada yako wa kwanza, alinitazama akasema, "Haya, baki nayo. Lakini sanduku ya marehemu haibakiake bule mu nyumba. Weka kitu yako." Wajua kwetu: sanduku tupu linaita kilio kingine. Nikazunguka chumba. Viatu? Kamusi? Hakuna kilichonitosheleza, na wao wananingoja.

Nilikuwa bado nimevaa nguo nyeusi. Baada ya misa ya kumaliza kilio wote walizivua, mimi nikakataa. Niliona nikiivua nimekuacha. Sasa nikaona kitu changu ni hicho; nikaivua pale pale mbele ya dada zako, nikaikunja vizuri, nikaiweka ndani, nikafunga. Mama Mukubwa akanifunga kitenge chako cha kijani. Kinanipwaya, nimekonda.

Pumzika, Mama. Nakuahidi nguo ile sitaitoa tena. Siku nikikulilia, nitalia nimevaa rangi.

Binti yako,
Ngoie