Kijaluba Kitupu cha Mlangoni

Mpendwa Shangazi Mazal,

Naomba msaada wako, na naomba usinicheke, maana nyumbani nimeshachekwa vya kutosha. Mimi ni mama wa makamo, naishi hapa mtaa wa Villa Crespo na mume wangu Naúm, aliyekuwa na duka la magodoro kabla ya kustaafu, tuna binti mmoja, Ruti, na nikisema ukweli sina shida ya maana, tunakula, tunalala, tunagombana kidogo kuhusu nani kamaliza maji ya moto ya mate, ile chai chungu ya majani tunayokunywa kwa kibuyu, Ijumaa jioni nawasha mishumaa ya Sabato na kupika supu ya kuku, na jirani yetu mjane wa ghorofa ya juu anashuka kula nasi, kwa hiyo nilikuwa mtu wa kuridhika mpaka Ruti aliponiambia kwamba yeye na mchumba wake wamepata nyumba, na hataki zawadi yoyote kutoka kwangu ila mezuza yetu, ile ile ya mlango wa mbele.

Ni kijaluba cha bati tu, Shangazi, kile tunachopigilia sisi Wayahudi mlangoni, chenye kipande cha ngozi kilichoandikwa maneno matakatifu. Naúm alikipigilia kwenye mwimo wa mlango wiki tuliyohamia, na kila alipoupaka mlango rangi hakukibandua, alipitisha brashi juu yake, kijani, kahawia, maziwa, mpaka kikawa kama uvimbe wa mlango wenyewe, na Ruti anakitaka na rangi zake zote. Mimi kila nikitoka na kila nikiingia nilikigusa, nikabusu vidole, nikasema polepole "Sikia, Israeli", mwanzo wa maneno hayo, kama bibi yangu alivyonifundisha, na Ruti nilimwinua akiguse kabla hajajua kutembea. Alipougua kichomi akiwa mdogo nilikishika nikalia pale mlangoni, akapona. Duka lilipoyumba nikakishika, likasimama. Nilijua moyoni kwamba kilichomo ndani ndicho kinachotulinda.

Basi kabla ya kumpa Ruti nikakibandua, nikakipeleka kwa mwandishi wa ngozi aikague iliyomo, isije ikawa herufi zimefifia. Mzee yule akaikata rangi kwa kisu, akafungua, akachungulia, akanitazama. Ndani hamkuwa na ngozi wala herufi. Kulikuwa na kutu na sisimizi mmoja aliyekauka.

"Bibi," akaniuliza kwa upole, "hii aliinunua nani?"

Nikarudi nyumbani nikamweka Naúm kitako. Akaweka kibuyu chake cha mate chini, akafikiri.

"Niliinunua soko la Jumapili," akasema. "Nikadhani inakuja na vitu vyake ndani, kama saa inavyouzwa na betri." Kisha akacheka mpaka akakohoa. "Kwa hiyo, mama Ruti, miaka yote hii ulikuwa unabusu bati. Na mlinzi wetu alikuwa sisimizi."

"Na wewe unaona ni jambo la kuchekesha."

"Sasa nilie? Mtoto alipona, duka lilisimama. Mshukuru daktari, na mgongo wangu."

Tangu siku hiyo nimepoa. Ijumaa iliyopita sikuwasha mishumaa, nilisingizia kichwa, na jirani alipokuja tukala chini ya taa ya umeme kama watu waliokutana stesheni. Nikitoka mkono unapanda wenyewe halafu naushusha kwa aibu. Na Naúm naye ananiudhi zaidi, maana alipaka rangi pale palipobaki alama, na sasa kila akienda kununua gazeti lazima asimame apapase mahali pale, nikimuuliza anasema anaangalia kama rangi imekauka.

Ruti anahamia Jumapili na hajui lolote. Naúm anasema tukizibe kwa gundi, tumpe, asiharibiwe furaha. Je, nifanye hivyo? Na kuna hili jingine ambalo ndilo linaloninyima raha: kama pale hapakuwa na kitu, nani alikuwa ananisikia? Haya maisha mazuri niliyojivunia, yalikuwa na maana gani, au ilikuwa bahati tu?

Ukichapisha, andika Dina tu. Akina Dina tuko wengi mtaa huu.

Dina


Mpendwa Dina,

Pole. Nilipofika kwa sisimizi nilicheka, nakiri, kisha nikaona aibu, kwa hiyo tuko sawa.

Hilo la gundi liondoe kichwani leo hii. Binti anakuomba kitu kimoja tu cha nyumbani kwenu, nawe umpe uongo uliozibwa vizuri? Siku atakapokifungua mwenyewe, hatauliza ngozi iko wapi. Atauliza ni nini kingine mlichomficha. Mwambie kabla ya Jumapili, na umwambie lote, hata la betri. Mtoto aliyelelewa kwenye nyumba yenye vicheko atalibeba hilo.

Na usimtwike Naúm kosa lote. Wewe ndiye mwenye dini nyumbani, na unajua kama ninavyojua mimi kwamba ngozi hukaguliwa kila baada ya miaka michache. Hukukifungua hata siku moja. Unajua kwa nini? Kwa sababu ulikwishakifanya hirizi, na hirizi haifunguliwi. Dada yangu, mezuza si askari wa zamu. Nimekaa matanga katika nyumba ambazo ngozi zao hazikuwa na herufi hata moja iliyofifia, nikawashika mikono watu waliomzika mtoto, na ningeona haya kuwaambia kwamba ngozi inalinda. Kwa nini Ruti wako alipona, sijui. Yeyote atakayekwambia anajua, muage kwa adabu uondoke. Shukuru, basi. Shukrani haihitaji risiti.

Lakini usije ukakimbia hirizi ukaangukia kwa Naúm, ukasema basi yote ni bati. Kumbuka yale maneno yaliyopaswa kuwa mle ndani. Yanaagiza kwanza yawe moyoni mwako. Halafu uwafundishe watoto wako, uyaseme ukiketi nyumbani na ukienda njiani, ukilala na ukiamka. Mlango unatajwa mwisho kabisa. Wewe ya mbele yote uliyafanya, ukakosa la mwisho. Ni pungufu, ndiyo, na litengenezwe. Ila mtu aliyesahau kuufunga mlango wa jiko haambiwi kwamba hakupika.

Unaniuliza nani alikuwa anakusikia. Dina, umeyasema maneno hayo miaka yote na hukuyasikia. Hayasemi "Sikia, ee Mungu." Yanasema "Sikia, Israeli." Anayeambiwa asikie ni wewe. Ulisimama pale kila siku ukidhani unapeleka ombi, kumbe ulikuwa unapokea agizo. Na sehemu fulani ya mwili wako ililisikia, maana yule mjane wa juu hashuki kila Ijumaa kufuata sisimizi. Anashuka kwa sababu kuna mlango unaofunguliwa na sahani iliyowekwa kwa ajili yake. Maana ya maisha uliyokuwa ukiitafuta ndani ya bati ilikuwa mezani inakunywa supu. Mimi kwa hili nakuonea wivu kidogo, nasema wazi.

Sasa fanya hivi. Rudi kwa yule mwandishi umwombe ngozi nzuri, aiviringe aitie ndani ya kijaluba hicho hicho, na asithubutu kuyakwangua yale marangi. Jumapili Naúm ndiye ashike nyundo kwa Ruti. Alikosea mara ya kwanza, acha apate mara ya pili.

Halafu niambie, mama. Barua nzima umeniandikia juu ya mlango wa Ruti. Wako je? Umekibandua kijaluba, mumeo akapaka rangi, ukakaa kimya, kama mtu anayehama. Agiza ngozi mbili, na kijaluba kingine. Na hiyo ya kwako aje Ruti aipigilie kwa mkono wake, akuinulie mkono uiguse, kama ulivyomwinua yeye.

Ijumaa hii washa mishumaa. Usingoje moyo utulie ndipo uwashe. Pale mlimani walipopewa amri za Mungu, wazee wetu hawakusema "tuelewe kwanza." Walisema "tutafanya na tutasikia," kwa mpangilio huo, nasi tumeendelea hivyo hivyo kwa kusuasua mpaka Villa Crespo.

Na huyo mumeo usibishane naye. Akisema tena kwamba ni bati tu, mwache amalize kibuyu chake cha mate, avae kofia, aende kununua gazeti. Akifika mlangoni, mwulize kama rangi imekauka.

Shangazi Mazal