Kete Ambayo Sikuicheza

Mjukuu wangu Aneth,

Shikamoo yako imenifikia hapa Chonyonyo. Marahaba, mama. Baba yako mdogo anaanika kahawa, na mvua haimpi nafasi. Tunaendelea hivyo hivyo.

Umeuliza nilicheza mchezo gani utotoni, uuweke kwenye tovuti yako ya watoto wanaojifunza kuhesabu. Niliujua omweso, bao letu, ila sikuucheza. Miaka ile ya themanini baba alikuwa akicheza na jirani uani, nami namenya ndizi kando yao huku nikihesabu kete kwa macho. Siku moja jirani alikwama, akanigeukia akicheka: "Binti, ungekuwa wewe?"

Nikanyoosha mkono kuelekea shimo moja la bao. Mama akapaza sauti kutoka jikoni: "Rudi kwenye ndizi! Mwanamke hagusi omweso."

Jirani akacheza shimo jingine, akashindwa. Baba alilitazama shimo nililotaka, akanitazama mimi. Alijua ningemshinda. Hadi tunamzika hakulisema, nami sikumuuliza.

Uweke mchezo huo, mama, na usiandike ni wa wavulana. Ukija likizo, njoo na simu yako tuucheze. Lile shimo bado nalikumbuka.

Bibi yako