Hakuna Pingamizi

Jumatatu, 3 Juni

Alhamisi maofisa wa serikali wanakuja kwa ndege kusikiliza maoni kuhusu mgodi. Kampuni inataka kuchimba dhahabu na shaba kule juu, kwenye vijito wanakotaga mayai samoni, samaki tunaowategemea. Maji machafu yatakaa kwenye bwawa – milele, wanasema. Milele! Usingizi sina. Mjomba Wassillie, mwenyekiti wa baraza letu, kanicheka: kazi yangu mimi karani ni kahawa na viti, niache kutetemeka, wenye kusema ni wazee.

Alhamisi, 6 Juni

Ukungu. Ndege haikutua. Kikao kimefanyika kwa simu, spika juu ya meza. Ukumbi ulijaa, hata Bibi Okalena aliletwa na kiti chake. Bwana Harlan, ofisa, alieleza kwa upole, kisha akauliza: kuna anayepinga?

Ukumbi mzima ulikunja pua. Safu kwa safu. Kwetu hiyo ni hapana, na hakuna hapana kubwa kuliko hiyo. Mgeni hapigiwi kelele. Lakini simu haina macho. Akauliza tena. Wakakunja zaidi – Bibi mpaka macho yakafumba.

"Basi nashukuru," alisema. "Hakuna pingamizi."

Viti vilikuwa vimeshaanza kuburutwa, wazee hawakumsikia. Walitoka wameridhika. Mzee Evon alisema leo tumemkatalia mpaka pua zinauma.

Mimi nilikuwa karibu kabisa na ile simu. Nilimsikia vizuri. Nikaanza kukusanya vikombe vya kahawa.

Ijumaa, 7 Juni

Nimemwambia Mjomba. Alicheka, kisha kicheko kikamwishia usoni. Akaniambia nimpigie Bwana Harlan. Nimepiga. Ni mtu mwema, ndiyo inayoumiza. Anasema anapokea maoni mpaka Jumatatu jioni, lakini kila anayepinga aseme mwenyewe, kwa sauti yake.

Jumatatu! Nusu ya kijiji wameshateremka kwenye kambi za uvuvi, simu haifiki huko. Mjomba mwenyewe alikuwa anapakia nyavu kwenye boti. Nikamsihi awarudishe watu. Akanitazama kwa huruma. Watu wameshasema, atawaambiaje warudie, kana kwamba walidanganya?

"Sauti si unayo, mpwa wangu?" akaniuliza.

Mimi ni karani tu, nikamjibu. Akawasha injini.

Jumatatu, 10 Juni

Samoni wa kwanza amepatikana. Bibi Okalena amemgawa kwa nyumba zote, kama kawaida. Kipande changu kimeletwa ofisini, kidogo kama cha kila mtu. Nimekiacha mezani. Nawaza mgodi ukija: kibanda cha Bibi cha kukaushia samaki kwa moshi kitupu, naye amekaa mlangoni na kisu chake, hana cha kupasua.

Nimepiga. Amepokea Bwana Harlan mwenyewe. Nikataja jina langu, Nastasia, nikasema napinga.

Kwa niaba ya nani? Baraza limenituma? akauliza.

Sikuweza kudanganya. Hapana.

"Sawa," alisema. "Naandika mmoja."

Mmoja! Nikamwomba asikate. Nikamweleza habari ya pua. Nikaanza kuwataja waliokunja pua, walivyokaa, kuanzia mlangoni: Evon. Okalena. Sassa na mumewe. Sauti yangu ilikuwa kama ya mtu mwingine. Akanikatiza taratibu: hajui kama jina bila sauti linahesabika, anakwenda kuwauliza wakubwa wake, nisubiri.

Nasubiri. Simu inapiga muziki. Ofisi yao inakaribia kufungwa.

Nilikuwa nimefika safu ya tatu tu.